Bahasha Zisizoona Mvuke

Mama mkwe aliingia saluni Jumamosi mchana, viti vyote vimejaa, akasimama mlangoni na mkoba wake kifuani, akatangaza kwa sauti ya kusikika hadi kwa muuza simu wa jirani: "Nimekuja kwa mkwe wangu. Leo na mimi nitengenezwe."

Fundi alikuwa ameushika mkono wa mteja, anamalizia kidole cha mwisho. Brashi ikateleza ikapaka ngozi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, mwanangu. Malizana na mwenzio, mimi nasubiri. Sina mume wa kumpikia."

Wateja wakacheka. Fundi alijaribu kucheka, ikatoka pumzi tupu.

Siku nyingine yoyote angefurahi, tena angefurahi mpaka akaruka. Mama huyu alikuwa hampendi, hilo kila mtu nyumbani alilijua. Mwanawe alipomwoa fundi wa kucha alisema, "Mwanamke mzima kazi yake kushika miguu ya watu!" na kwa miaka miwili akamsalimia kwa ncha ya mdomo. Halafu akapimwa, akakutwa na kisukari. Pale kliniki wakamwonya juu ya miguu: usitembee peku, usijikate, maana miguu imeanza kufa ganzi na kidonda utakigundua kimeshaharibika. Akaanza kuogopa miguu yake mwenyewe kama ya mtu mwingine. Ndipo siku moja, wakichambua mchele, akauliza, "Hivyo vyuma vyenu vya kukatia kucha, mnavisafisha vipi?"

Fundi akaona mlango umefunguliwa, akaingia mzima mzima. Akaeleza mashine ya mvuke, moto wake, dakika zake. Akaeleza bahasha za karatasi, kila mteja na yake, na kile kidoa cha rangi ya waridi juu ya bahasha kinachogeuka kahawia mvuke ukishapita. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe ni kazi kama ya nesi." Kuanzia siku hiyo alimtambulisha hivyo kwa kila mtu. Sasa wewe niambie, nani angerudi kwa mama kama huyo amwambie mashine yenyewe ilikuwa imekufa?

Maana ilikuwa imekufa, na si jana. Miezi mitano. Taa yake ya kijani iliwaka vizuri, na ilinguruma ukiiwasha, lakini haikupasha hata maji ya chai. Madamu, mwenye saluni, alisema mtengenezaji atakuja. Mtengenezaji hakuja, na kwenye ukuta maandishi ya "Huduma Salama" yakabaki palepale na bei yake ya juu. Basi vyuma vikawa vinaoshwa kwa sabuni, vinafutwa kwa kitambaa, vinatiwa kwenye bahasha mpya, na mdomo wa bahasha unabanwa kwa pasi ya nywele mpaka unagandana. Kile kidoa je? Kinapakwa rangi ya kucha ya kahawia, kwa ncha ya kijiti.

"Mchanieni mteja bahasha mbele yake," Madamu aliwafundisha. "Taratibu, asikie. Analipia ile sauti."

Na wa kupaka vidoa alikuwa Fundi, kwa sababu mkono wake hautetemeki. Wiki ya kwanza alikosa usingizi. Ya pili akalala kidogo. Mwezi wa tatu alikuwa anapaka huku anaimba. Mtu huzoea, jamani, hilo ndilo baya lake. Alijiambia wateja ni wazima, ni vijana, wana damu nzuri, na vyuma si vinaoshwa? Ajira iko wapi huko nje? Alijipa majibu yote kabla hajaulizwa.

Lakini leo miguu iliyokuja ni ile.

Alimkalisha kwenye kiti cha mwisho, karibu na Chiriku, fundi mwenzake, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haupumziki. Chiriku alikuwa anasugua visigino vya mteja wake na kuhadithia harusi ya binamu. Alipomwona Mama akaikatiza. Na yeye alijua.

"Nipake nyekundu," mama mkwe alisema, akivua kandambili. "Baba yenu hakutaka kuniona na nyekundu, alisema ni uhuni. Nikamheshimu miaka thelathini. Nimejiwekea akiba kidogo kidogo, na nimejisema moyoni, hii si anasa. Macho yangu hayaoni tena vidole vyangu, nikijikata mwenyewe nitajichoma. Ni anasa hiyo?"

"Siyo anasa, Mama."

"Hata kama ni anasa. Nimezeeka, nipendeze kidogo."

Fundi alijaza beseni maji ya vuguvugu, akayajaribu kwa kiwiko mara mbili, akaitumbukiza ile miguu. Ilikuwa safi kuliko ya wateja wote aliowaona wiki ile. Kucha ya kidole gumba cha kulia ilikuwa imeota kuingia ndani, na ngozi pembeni yake imevimba kidogo, laini. Pale ndipo kikata kucha kingepita. Akaosha. Akaosha tena. Akaosha mpaka maji yakapoa na mama mkwe akauliza, kwa utani, kama leo anaoshwa miguu au sufuria.

"Mama," alinong'ona, "tupake rangi tu leo. Kucha nitakukatia nyumbani."

"Kwa nini nyumbani? Nimekuja hapa."

"Zimekaa vizuri tu, hazihitaji..."

"Zimekaa vizuri wapi? Hii inaniuma nikivaa kiatu!"

Madamu akasikia, maana masikio ya Madamu yalikuwa na kazi hiyo. Akaja na tabasamu lake la wageni. "Jamani, huyu ndiye mama yetu? Karibu sana, Mama! Fundi, mbona unamnyima mama yako? Mpe huduma salama, kamili, punguzo juu yangu." Akavuta droo mwenyewe, akatoa bahasha, akaiweka mapajani kwa Fundi. Kidoa chake kilikuwa cha kahawia safi, duara kamili. Kazi yake Fundi, ya Ijumaa jioni.

Mama mkwe akainama akaiangalia kwa karibu, macho ameyabana. "Ndiyo hii uliyoniambia! Na kidoa chake kimegeuka. Ona!"

"Ichane, asikie," Madamu alisema, akasimama hapo hapo, mikono nyuma.

Fundi aliishika bahasha. Akaiangusha. Ilianguka sakafuni, na akasema haraka, "Aa, imechafuka, hii haifai tena." Madamu akacheka na kuleta nyingine. Droo ilikuwa imejaa. Angeangusha ngapi?

Akaichana. Ile sauti, chrrr, aliyoifanya mara mia bila kufikiri, leo ilimkwaruza mpaka kwenye meno. Akakitoa kikata kucha. Kwenye kiungo chake, pale vyuma viwili vinapokutana, palikuwa na mstari mwembamba wa uchafu mkavu. Wa nani? Wa mteja yupi? Akauinua mguu wa kulia kutoka kwenye maji, akakisogeza karibu na kidole gumba, akakirudisha nyuma.

Madamu akaitwa mlangoni na mteja. Zilikuwa hatua sita tu.

"Mama, vaa kandambili zako," Fundi alisema chini chini. "Nenda nyumbani. Nakuomba."

Uso wa mama mkwe ukabadilika. Haukukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Ulisinyaa. "Unanionea haya," alisema. "Miguu yangu mibaya. Mbele ya wenzako hawa."

"Hapana, Mama! Haki ya Mungu, hapana."

"Sema tu. Mimi mtu mzima, nitaelewa."

Hapo ndipo Fundi angeweza kunyamaza. Angeinamisha kichwa, mama angeondoka na aibu yake, mguu ungepona na kazi ingebaki. Alilifikiria, tusidanganyane. Alilifikiria kwa muda wa pumzi mbili nzima.

"Mashine haifanyi kazi," alisema. "Miezi mitano sasa. Hivi vyuma havijaona mvuke. Kidoa napaka mimi, kwa rangi ya kucha. Niliyokwambia yote yalikuwa kweli zamani, sasa ni uongo. Nisamehe, Mama. Usikubali nikukate."

Mama mkwe aliuvuta ule mguu, akautoa na wa pili kwenye beseni, akaiweka yote juu ya taulo polepole sana, akaangalia kile kikata kucha mkononi mwa mkwe wake kama anayeangalia nyoka aliyemkosa. Halafu akashika mdomo.

"Bi Kicheko," alisema.

"Nani?"

"Shoga yangu wa kliniki. Yule mnene, mcheshi, tunakaa naye foleni. Nilimwambia habari zako. Nilimwambia, nenda kwa mkwe wangu, kule ni kama hospitali. Akaja Jumatatu iliyopita."

Jumatatu ilikuwa siku ya mapumziko ya Fundi. Akageuka kumwangalia Chiriku. Chiriku alikuwa ameacha kusugua, jiwe mkononi.

"Alikuja?" Fundi aliuliza.

"Alikuja mama mmoja," Chiriku alisema. "Alicheka cheka sana. Sikujua ni mgonjwa, hakusema!" Sauti ikamshuka. "Nilimkata kidogo. Damu kidogo tu. Akasema hata hajasikia, niendelee."

Hajasikia. Bila shaka hakusikia, miguu imekufa ganzi! Mama mkwe alikuwa tayari anapekua mkoba, akimwaga leso na dawa na miwani mapajani. "Alhamisi hakuja kliniki," alisema. "Nikajua ana wageni. Nikajua ana wageni tu, mimi." Akapata simu, hakuziona namba vizuri, akamkabidhi Fundi. "Mpigie. Weka sauti, nisikie."

Simu iliita, ikaita. Ikapokelewa na sauti ya msichana, na Fundi akamwulizia mama yake kwa niaba ya shoga yake wa kliniki.

"Mama amelala," alisema. "Mguu umemvimba, ana homa homa. Tumempa dawa ya maumivu. Anasema ni uchovu."

"Umevimba tangu lini?"

"Tangu juzi. Kidole kimekuwa cheusi kidogo pembeni, lakini yeye anacheka tu, si mnamjua." Kulikuwa na sauti nyingine nyuma yake, nzito, ya usingizi. Msichana akasikiliza, akarudi. "Anauliza, wewe ndiye yule mkwe wa saluni? Anasema kucha zilipendeza sana. Ila moja imebanduka rangi, anataka kujua kama leo mpo wazi, aje mumrudishie."

Mama mkwe akafunika uso kwa leso.

Madamu alikuwa amerudi. Alisimama nyuma ya Fundi, akamgusa bega, akamfanyia ishara kwa kidole: kata hiyo simu. Wateja walikuwa wamegeuka wote, mikono yao juu ya meza, wengine na bahasha zilizochanwa mbele yao.

"Asije hapa," Fundi alisema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mpelekeni hospitali sasa hivi, msingoje kesho. Mwambieni daktari ana kisukari na alikatwa na chuma kichafu saluni. Kichafu, umesikia? Hakikuchemshwa."

Adabu ilimtoka msichana.

"Chuma kichafu? Kwani wewe ni nani? Mlikuwa mnajua?"

Bega la Fundi bado lilikuwa chini ya mkono wa Madamu. Mbele yake mama mkwe ameishusha ile leso, anamwangalia, anangoja jibu kama yule msichana anavyolingoja.

"Mimi ni fundi wa hapa," alisema. "Tulijua."