Sauti Kutoka Shimoni

Chini ya maabara kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo mtungi wa shaba uliokumbatiwa na sumaku kubwa. Kazi ya mtungi ilikuwa kusikiliza. Watafiti waliurekebisha kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta stesheni redioni, wakingoja chembe za maada ya giza, nyepesi kupita chochote kilichowahi kupimwa, zigeuke humo kuwa mawimbi ya redio na kuacha mnong'ono.

Fundi wa baridi alishuka kila asubuhi kuongeza heliamu ya kimiminika, kwani joto kidogo tu lingeufunika mnong'ono huo. Dada yake alikaa juu, macho kwenye skrini.

Wiki hiyo mstari wa skrini uliota kinundu. Mkuu wa maabara alipiga makofi. Fundi akashuka, akachomoa king'ora kinachopima hewa shimoni, na kinundu kikafa palepale. Kumbe umeme wa king'ora ndio ulionong'ona.

"Kikae hivyo, kimechomolewa, mpaka tuvuke masafa haya," alisema Mkuu, uso umemsinyaa.

"Na hewa ikiisha?" aliuliza dada.

"Pua yangu inatosha," fundi alicheka.

"Heliamu haina harufu, kaka."

"Mama alikuzaa na wasiwasi, mdogo wangu. Mimi alinizaa na njaa. Niwekee chai, nakuja."

Akashuka.

Chai ilikuwa bado inafuka dada aliposikia mtikisiko chini ya miguu. Kwenye skrini, joto la sumaku lilikuwa likipanda mbio. Sumaku ilikuwa imepoteza baridi yake, na heliamu yote ilichemka kwa mkupuo, ikisukuma hewa nje ya shimo. Akarukia simu ya ukutani.

"Kaka! Panda sasa hivi!"

"Nakuja, usipige kelele."

Sauti ilikuwa nyembamba, kama ya mtoto mdogo anayejifunza kusema. Kaka mwenyewe aliisikia, ikamchekesha.

"Sikia ninavyoongea! Mwite Mkuu asikie!"

"Usicheke, kaka. Usivute pumzi. Panda!"

Dada alijua ni heliamu iliyoibana sauti ile, na kwamba mapafu ya kaka yameshajaa gesi hiyo. Kicheko kikaendelea, chembamba, kikipungua, kikawa cha hapa na pale. Kisha simu ikabaki na mvumo wa gesi tu.

Akakimbilia ngazi. Mkuu alimdaka kiunoni mlangoni.

"Ukishuka mtakuwa wawili!"

Dada alimng'ata mkono. Mkuu hakumwachia.