Mashine Chini ya Maturubai

Mashine mpya za kushona viatu zilikaa kiwandani zimefunikwa maturubai, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuziendesha. Nchi ikaendelea kununua viatu vya nje. Mwishowe kiwanda kikaamua kupeleka watu chuoni kwa miezi kadhaa wakajifunze kuziendesha, na Mama Pacha, mshonaji wa viatu kwa mkono, akachaguliwa. Kesho yake alitakiwa kutoa jibu.

Mumewe, fundi baiskeli, aliguna. "Miezi yote hiyo pacha watalelewa na nani? Faida ni ya kiwanda na nchi, mimi napata nini?"

Bibi, mama yake fundi, aliendelea kumenya viazi mpaka mwanawe akaishiwa maneno.

"Baba, hiyo nchi unayoisema iko wapi, kama mkeo hayumo? Mwache akasome. Mtoto mmoja nitashinda naye mimi, wa pili ni wako."

"Nibebe mtoto, Mama? Mwanamume mzima?"

"Kuwapata ulikuwa mzima, kuwabeba umekuwa nusu?"

Mama Pacha alicheka mpaka akafunika uso kwa viganja. Fundi naye akashindwa kununa.

Siku masomo yalipoanza, fundi alifungua karakana yake mtoto akiwa mgongoni, anateleza kuelekea kiunoni. Bibi akamfungua, akamfunga upya taratibu, akimwonyesha mwanawe pa kukaza.

Mteja mmoja akaangua kicheko. "Fundi, leo umekuwa yaya?"

"Mke wangu yuko chuoni, anajifunza mashine," fundi alijibu. "Lete hiyo baiskeli."