Dume la Jirani

Ruffin mchinjaji alimpapasa Bihogo mgongoni kwa kiganja kilichozoea kukadiria nyama, na Léoncie akageuza uso. Bihogo alikuwa wa mwisho katika uzao wa ng'ombe ambaye baba yake Léoncie alimletea bintiye baada ya arusi.

"Samedi ninakuja kumukamata," Ruffin alisema, akaenda zake kuingojea Jumamosi hiyo.

Mumewe Léoncie, Muzee Twagirayezu, ndiye aliyemwita. Tangu wakimbie vita Masisi na kujibanza kwenye kiwanja hiki cha mawe meusi pembezoni mwa Goma, hakuna ndama aliyezaliwa. Ng'ombe wawili alikwisha kumwuzia Ruffin, akisema ni tasa. Kuhusu dume lake, Rugaju, hakuna aliyethubutu kuuliza. Kila asubuhi mzee alimtajia Rugaju sifa zake kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani. Kwa wafugaji wa kwao, kulishuku dume lako mbele za watu ni sawa na kujivua nguo sokoni.

"Papa, tuite dogiteri amupime Rugaju kwanza," Léoncie alimwambia mumewe.

"Unatukana yeye ao mimi?"

"Situkani mutu. Ngombe ya baba yangu inaenda kufa, na sijue juu ya nini."

Mwanamke huyu hakuwa na mazoea ya kuomba. Mzee alitazama chini, kisha akasema kwa ukali, "Muite. Atakuambia yeye mwenyewe."

Ijumaa akaja Joviale, daktari wa mifugo. Kabla ya kumgusa dume aliinama akaweka kiganja juu ya mawe, akakiondoa upesi. Akatazama mabati yaliyoinamia mgongo wa Rugaju, na lundo la maganda ya ndizi kutoka mtaa wa Mabanga, ambayo ndiyo yaliyokuwa malisho. Akauliza umri. Mzee alijibu kwa fahari kwamba anakaribia miaka kumi na minne.

Joviale alichukua mbegu za dume, akaweka tone moja chini ya hadubini juu ya pipa.

"Angalia, muzee."

Twagirayezu alifumba jicho moja. Aliona duara la mwanga, na ndani yake vitu vidogo vimetawanyika kama pumba.

"Sioni kintu inatembea."

"Njo hivyo. Ingepashwa kuchemka kama sisimizi." Joviale alishusha sauti. "Miaka imemuingia. Tena joto ya mawe na ya mabati inamupika, na majani hana."

"Nikimupeleka mu baridi, Kibumba?"

"Angekuwa kijana, ningekuambia tungoje. Huyu, siwezi kukudanganya."

Mzee aliendelea kuinama, ingawa hakuwa akitazama tena. "Na ngombe?"

"Bihogo nimemupima, ni muzima kabisa. Zile zingine sikuziona."

Jibu hilo lilimchoma kuliko lawama. Joviale alipoondoka, mzee alimfuata mkewe jikoni. "Niliziuza bure, Léoncie. Zote mbili."

Alingoja aambiwe kwamba alipaswa kusikiliza mapema. Léoncie alikuwa analia, lakini hakusema hivyo. Alijaza kasiksi ndani ya kibuyu, akakiweka miguuni pa mumewe. Mzee alielewa. Anayeomba dume huenda na pombe ya ndizi, na sababu huisema mwenyewe, watu wa nyumba ya mwenye dume wote wakisikia.

Kwa Havugimana, jirani yake, alisimama mlangoni na kibuyu mkononi hata mkono ukafa ganzi.

"Nimekuja kuomba dume," alisema. "Yangu imezeeka."

Hakuna aliyecheka, wala hilo halikumpunguzia aibu.

Jumamosi Ruffin alirudishwa mikono mitupu. Akamkazia macho Rugaju. "Basi nipe huyu."

"Leo hapana," mzee alijibu.

Mchana Havugimana alileta dume lake jeusi, changa, likivuta kamba, na Léoncie akamfungulia Bihogo. Rugaju alinusa hewa. Akanguruma na kuyapiga mabati kwa pembe, uzio mzima ukatetemeka. Twagirayezu aliwaacha watu uani akaingia zizini kwa Rugaju. Alijipenyeza hadi ubavuni, akamshika pembe moja kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akamziba jicho lililoelekea nje.

"Acha, muzee," alimwambia. "Acha wafanye."