Mkono Kwenye Mpira wa Rejeta

Mzee Rejeta hakupewa jina hilo na mama yake. Alilipata kwa kuziba rejeta za watu miaka arobaini na miwili, mpaka vidole vikawa vyeusi visivyotakata hata kwa sabuni ya kufulia. Basi kinyozi mmoja alipotaka kununua gari la kizamani, watu wakamwambia: usiguse chuma kikuukuu bila yule mzee kukitazama kwanza. Kinyozi akaja kumchukua asubuhi. Njiani anaongea huyo, anaongea, na mzee anahesabu kona tu, maana kila waliyokata aliijua. Ilikuwa njia ya kwenda nyumbani kwa marehemu mwanawe.

Gari lenyewe walilifufua wao wawili, baba na mwana, miaka saba, Jumapili kwa Jumapili. Walilikuta kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Walicheka sana siku ile, wakala na yale mayai.

Halafu likaja lile la themostati. Ni kidude kidogo tu, kinakaa mdomoni pa injini. Injini ikiwa baridi kinafunga njia ya maji, ikipata moto kinafungua. Sasa Jumapili moja gari likachemka kwenye mlima, mwana akakitoa, akakitupa kwenye kopo la misumari.

"Baba, siku hizi mafundi wote wanakitoa. Joto lote hili, cha nini?"

"Mafundi gani? Hao wanaotibu homa kwa kuvunja kipimajoto?"

"Kwako wewe kila cha zamani ni kitakatifu."

"Haya, endelea. Ila gari lisilo na kidude hicho usiniitie tena."

Maneno ya hasira ni kama mate, yakishatoka hayarudi mdomoni. Siku sita hakuna aliyemfuata mwenzake. Kila mmoja anangoja mwenziwe aanze, vichwa vigumu vyote viwili, mtoto kaurithi wapi ukaidi huo kama si huko huko? Jumamosi mwana akaanguka kazini, kifua kimembana, na kabla ya adhuhuri hayupo. Miezi minane ilikuwa imepita na mzee hajaligusa gari lile.

Mkamwana wake akafungua geti, akashtuka. "Baba? Kumbe fundi mwenyewe ni wewe?"

"Ndimi, mwanangu. Huyu bwana hajui."

Kinyozi alikuwa keshaanza kuzunguka gari, anapiga mateke matairi. Mkamwana akasogea, akasema kwa sauti ya chini, "Kila nikifungua dirisha naona miguu ya mume wangu imetokeza chini ya hilo gari. Nimechoka kuona miguu, baba."

Mzee akakunja mikono ya shati. Yeye alikuwa amejipangia lake tangu njiani. Nikikuta kidude hakipo, nitamwambia kinyozi ukweli mtupu: litakula mafuta, na injini itachakaa upesi, halifai. Ataondoka, gari litabaki, na uongo sitakuwa nimesema.

"Tairi limekukosea nini?" akamuuliza kinyozi.

"Si ndivyo wanunuzi wanavyofanya, mzee?"

"Ndivyo. Halafu wanarudi wamevutwa kwa kamba."

Akaweka kiganja juu ya boneti. Baridi. Vizuri, muuzaji akikupashia gari kabla hujafika, ujue kuna ugonjwa anauficha. Akafungua kifuniko cha rejeta, akachungulia. Maji safi, hayana kutu, wala mafuta hayaelei juu. Akachomoa kijiti cha oili. "Ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa tungeaga sasa hivi. Maji yangekuwa yameingia kwenye oili. Washa, mama."

Mkamwana akawasha. Mzee akashika ule mpira mnene wa juu, unaotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta. Kama kidude hakipo, mpira hupata joto kidogo kidogo tangu mwanzo. Kama kipo, hukaa baridi kama mtungi, halafu ghafla moto.

Dakika ya kwanza, baridi. Ya tatu, baridi. Pata joto, mzee akaomba moyoni. Pata joto sasa hivi ubaki na sisi. Ya tano, baridi. Ya saba, mpira ukashtuka chini ya kiganja, na maji ya moto yakapita yote kwa pamoja.

Hakutoa mkono.

"Mzee, unaungua!"

"Alikirudisha," mzee akasema.

"Nani?"

Mkamwana ndiye aliyejibu, mikono bado iko kwenye usukani. "Wiki ile ya mwisho alishinda hapo jioni mbili, anafungua anafunga. Nikamuuliza. Akasema Jumapili atamwita baba aje asikilize. Mimi nilidhani ni mambo yenu ya magari tu."

Jumapili hiyo ndiyo waliyomzika.

Kinyozi akatazama huku, akatazama kule. "Sasa mzee, ninunue au nikimbie?"

Neno moja tu la uongo lingetosha. Kinyozi hakuweza kutofautisha themostati na kifungo cha shati. Lakini kulisema vibaya gari lile sasa ilikuwa kugombana upya na mtoto aliyekwisha kuomba radhi.

"Nunua. Aliyelitengeneza ni mwanangu, marehemu. Kama hilo linakutia wasiwasi, weka mkono wako hapa uone mwenyewe."

Kinyozi akaweka, akauchomoa haraka. "Pole sana, mzee wangu."

"Na fundi yeyote asikitoe kidude kile. Hata akikuambia ni joto."

"Hatakitoa."

"Apa."

"Naapa kwa wembe wangu."

Mchana gari likatoka getini, linanguruma taratibu. Pale liliposimama miezi yote minane ardhi ilikuwa kavu, hakuna tone. Mkamwana akaleta bakuli la maji, akamshika mzee mkono.

"Baba, lete nikumwagie. Kiganja kimeiva kabisa."

Mzee akakunja kiganja, akakificha kifuani.

"Acha kwanza, mwanangu," akasema. "Acha kipoe chenyewe."