Digrii Tisa

Mwalimu wa hesabu, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Pembe kwa jinsi alivyopenda kuchora pembe ubaoni, alilalia ubavu wa kushoto kwenye kitanda chembamba cha hospitali. Mpimaji alimpaka mafuta mazito ya baridi karibu na kovu la upasuaji, kisha akakibana kifaa katikati ya mbavu.

"Vuta pumzi. Toa. Hapo hapo, usivute tena."

Ilikuwa mara ya pili kupimwa moyo tangu atolewe uvimbe wa titi. Dripu nne za dawa ya saratani alikuwa amezimaliza, zimebaki nne. Aliambiwa mapema kwamba dawa ile huponya huku na kuumiza kule, ndiyo maana moyo uliangaliwa. Lakini wasiwasi hakuwa nao. Asubuhi hiyo alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu bila kuhema, akamwacha mdogo wake nyuma kashika kiuno.

Daktari aliwaita wote wawili.

"Moyo unasukuma damu vizuri. Asilimia sitini, na mara ya kwanza ilikuwa sitini na moja. Ila haujipindi kama zamani."

"Si ndiyo vizuri?" mdogo mtu akadakia. "Dada yangu tangu azaliwe hana moyo uliopinda."

Daktari akatabasamu. Alichukua kitambaa mezani akakikamua, mkono mmoja ukienda huku na mwingine kule. "Moyo ukipiga hujikamua hivi. Juu huzungukia upande mmoja, chini upande wa pili. Tofauti yake tunaipima kwa digrii. Zilikuwa kumi na saba. Leo ni tisa."

Pembe alikodoa macho. Miaka ishirini na sita alikuwa akifundisha digrii, wala hakujua kwamba anazo kifuani.

"Kama damu inasukumwa ile ile, daktari, hizo nane zilizopungua zimeharibu nini?"

"Bado hazijaharibu. Asilimia huchelewa kusema, mwalimu. Digrii hutangulia."

"Sasa mimi ni mgonjwa wa moyo au siye?"

Daktari alikirudisha kitambaa mezani. "Ulikuwa unaelekea huko. Tunataka kukurudisha."

Dripu zikasimamishwa kwa wiki sita, akapewa vidonge vya moyo. Alipouliza kuhusu saratani, aliambiwa madaktari wameshauriana, na matibabu yake yanaweza kusubiri muda huo. Alitoka akiwa haelewi kama ameokolewa au amecheleweshwa.

Nyumbani mambo yakazidi kuchanganyika. Mdogo wake alimsimulia shangazi kwa simu, shangazi akawasimulia wengine, na kufikia Jumapili binamu mmoja alipiga kuuliza kama ni kweli moyo umehamia kulia. Pembe alichukua karatasi na kipimapembe, akachora digrii kumi na saba, kisha tisa. Ile ya pili ilikuwa nyembamba kama mkia wa panya. Akaitazama mpaka chai ikapoa.

Siku nyingine alipanda na kushuka ngazi za shule makusudi, akiutafuta ugonjwa. Hakuuona. Alijihisi anameza dawa za mtu mwingine, na katika wiki ya tatu akaviacha vidonge siku mbili. Siku ya tatu, darasani, kijana mmoja aligoma kutumia kanuni kwa sababu haoni inatoka wapi.

"Itumie kwanza, utaielewa baadaye," Pembe alimwambia, kisha akaiweka chaki chini. Wakati wa mapumziko alimeza kidonge chake kwa maji ya bombani.

Wiki sita zilipotimia alilala tena kwenye kitanda kile. Mpimaji alimgeuzia kioo cha mashine, penye kivuli cha kijivu kilichokuwa kikifumba na kufumbua.

"Kumi na nne," alisema mpimaji. "Zimepanda. Unauona moyo unavyojipinda?"

Pembe alikaza macho kwa muda mrefu.

"Siuoni, mwanangu," alisema. "Lakini niandikie hiyo kumi na nne nikamwonyeshe mdogo wangu."

Dripu ya tano alipewa Jumatatu iliyofuata.