Shogi la Dresa Barnabas

Chupa ya tatu ya dawa ya kikohozi ilipopasuka ndani ya wiki moja, dresa Barnabas Jilo alisimamisha pikipiki yake katikati ya barabara ya Garsen. Akaitazama dawa ikichuruzika kutoka kwenye keria na kunywewa na vumbi. Kamba ya katani aliyofungia kasha ilikuwa imelegea tena.

Mwaka ule, hamsini na sita, Barnabas alikuwa akikaa Tarasaa na kufanya kazi ya udresa, kufunga vidonda na kuchoma sindano, katika zahanati ya Garsen. Pikipiki aliachiwa na daktari mmoja aliyerudi kwao. Kila asubuhi alibeba dawa, bendeji, sindano na chakula chake cha mchana, kwa sababu njiani hakukosa mgonjwa wa kumsimamisha.

Alikwenda kwa Tsuma, fundi wa mabati. Tsuma akamwonyesha masanduku mawili ya bati yenye kufuli, ya kukazwa kwa nati pande zote mbili za gurudumu la nyuma.

"Haya hata kiboko hang'oi," Tsuma alisema.

Barnabas akaazima moja ili alijaribu kwa siku moja. Lilipiga kelele kama ngoma ya harusi, na kufika saa sita lilikuwa limechemka hata halishikiki kwa mkono. Tena aliitwa kwa mgonjwa aliyekuwa ng'ambo ya tope, mahali pasipopitika kwa pikipiki. Sanduku halikubanduka. Ikabidi atie chupa ndani ya kofia na kuvuka nazo amezikumbatia kama mwizi wa mayai.

"Chukua la bati," mkewe Kavumbi alimshauri aliposikia anataka la ngozi. "Ngozi itakuja kuliwa na fisi, Baba Komora."

"Mimi nataka kitu nikishuka, kishuke nami."

Basi akaenda kwa Qabale. Huyu alikuwa mama wa Kiorma, mjane, aliyekaa na bintiye Barwako na mkwewe katika manyatta iliyo kando ya barabara, katikati ya Tarasaa na Garsen. Mikono yake ilisifika kwa kazi ya ngozi. Alimshonea shogi kama lile la punda: mifuko miwili ya ngozi laini ya ndama, iliyounganishwa kwa mkanda mpana uliolala nyuma ya kiti. Lilishikwa kwa vifungo vinne vya mti, na kila mfuko ulikuwa na kifungo chake mdomoni. Ukifungua vile vinne, unalitupa begani na kwenda zako. Nyuzi zake zilikuwa za mshipa wa ng'ombe.

Barnabas alilipenda shogi lile kuliko pikipiki yenyewe. Na watu wa njiani nao walilipenda. Huyu ampe barua, yule mayai, na Qabale kila baada ya siku mbili alimpa kibuyu cha maziwa ya ng'ombe wa Barwako, apeleke dukani Garsen. Mara nyingi Barnabas hakuzima hata injini, maana pikipiki ile ikizimika kuwaka tena ni majaliwa. Qabale alivijua vifungo vyake. Alifungua, akatia, akafunga, dresa akaenda.

Asubuhi moja ya Jumatatu alimkuta Qabale amesimama katikati ya barabara kabisa, shuka limelowa umande mpaka magotini. Barnabas akapunguza mwendo, mguu mmoja chini, mkono ukizungusha mafuta injini isije ikafa. Alikuwa akiliangalia tope lililokuwa mbele yake. Nyuma yake alisikia vifungo vikifunguliwa, kisha sauti ya mama yule ikipanda juu ya mngurumo.

"... ya Barwako! Enda mbio, daktari! Mbio! Mimi kuja nyuma ..."

"Nitafikisha, mama!"

Akaenda mbio. Maziwa hayangoji jua.

Alipofika zahanati alikuta foleni imezunguka nyumba, akaona maziwa atayapeleka dukani akishawapunguza wagonjwa. Akalifungua shogi kutoka kwenye pikipiki, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akanawa mikono. Akamfunga mzee mmoja kidonda. Akampa mwingine vidonge vya homa. Akamchoma sindano mtu wa tatu, wakataniana kidogo. Nusu saa nzima ilipita hivyo.

Reuben, karani wa zahanati, aliinua kichwa kutoka kwenye daftari lake.

"Barnabas, umeleta paka?"

"Paka gani?"

"Sikiliza."

Wakanyamaza. Nyuma ya mlango kilitoka kilio chembamba, kikavu, kikakatika. Barnabas akalishusha shogi. Mfuko wa kushoto ulikuwa na joto. Akafungua.

Ndani, kwenye kitambaa kilicholowa samli, palikuwa na uso. Uso wa mtu. Mdogo kama ngumi, macho yamefumbwa, midomo ya rangi ya zambarau.

 Barnabas alijikuta amekaa sakafuni na shogi mapajani, hajui amekaaje. Njia yote ikampitia mbele ya macho: korongo aliloliruka kwa kiburi, mashimo aliyoyapiga moja baada ya jingine, na huu msumari. Amemtundika mtu kwenye msumari!

"Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu. Mungu wangu."

Foleni ilikuwa imeingia ndani yote. "Amemwokota wapi?" mmoja aliuliza. "Mtoto haokotwi kama kuni," mwingine akajibu, na mnong'ono ukaanza kuzunguka chumba. Reuben alirudi nyuma hatua mbili.

"Mwenzangu, hii ni kesi ya polisi."

"Chemsha maji, Reuben! Polisi watanikuta hapa hapa."

Barnabas alikifunua kitambaa mpaka tumboni. Kifua kilikuwa kikipanda na kushuka haraka haraka. Kitovu kilikuwa kimefungwa kwa uzi wa mshipa wa ng'ombe. Akauangalia uzi ule, akaiangalia mishono ya shogi. Uzi mmoja, fundo moja. Ndipo ile sauti ya barabarani ilipomrudia, na safari hii hapakuwa na injini ya kuimeza: ya Barwako.

Barwako alikuwa na mimba ya miezi saba.

Mama mmoja wa Kigiriama, Sidi, aliyekuwa amemleta mwanawe anayenyonya, alitoka kwenye foleni bila kuitwa. "Nipe," alisema. Akamweka yule mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akajifunika leso. "Wewe kamtafute mama yake. Unangoja nini?"

Barnabas alijaza shogi sindano na dawa ya kuzuia damu ya uzazi, akaruka juu ya pikipiki. Ikawaka kwa teke la kwanza. Maili nne nje ya Garsen aliwaona: wanaume wanne wamebeba kitanda cha kamba, na Qabale anakimbia kando yake, ameushika mkono wa bintiye. Damu ilikuwa ikidondoka kwenye vumbi nyuma yao.

Alimchomea sindano palepale barabarani, akiwa amepiga magoti, shogi limefunguliwa kando yake kama duka. Akamkanda tumbo kwa nguvu. Walisubiri. Ilikuwa kitambo ambacho Barnabas hakuwahi kujua baadaye kilikuwa kirefu kiasi gani. Damu ikapungua, kisha ikakatika. Barwako akafumbua macho, akaomba maji.

Hapo tu ndipo alipoweza kumtazama Qabale.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Qabale alimkazia macho. "Mimi kuambia wewe! Mimi kusema, mtoto ya Barwako, hapana nguvu, enda mbio. Wewe kujibu, nitafikisha. Kwani hujafikisha?"

"Nilidhani ni maziwa."

 Mama yule akaketi chini taratibu kando ya kitanda, mikono kichwani, na wanaume wanne wakatazamana.

"Yuko hai," Barnabas aliharakisha kusema. "Yuko hai, mama. Ananyonya."

Jioni, Barwako na mwanawe walilala zahanati kitanda kimoja, chupa za maji ya moto zimewazunguka. Barnabas alijaribu kuwasha pikipiki aende nyumbani, mguu ukakataa kupiga teke. Akaisukuma. Maili baada ya maili aliisukuma, na kila aliposikia ndege akilia vichakani alisimama akafungua mifuko yote miwili.

Kavumbi alimwona anaingia uani anasukuma. "Imeharibika?"

"Haijaharibika."

Akakaa kizingitini, akamsimulia yote tangu barabarani hadi msumari. Kavumbi alisikiliza kiganja kikiwa mdomoni. 

"Na ni wa kike au wa kiume?" Kavumbi aliuliza mwishowe.

Barnabas akamtazama mkewe. Akafikiri, akafikiri tena.

"Sijui," alisema. "Wallahi, Mama Komora, sikuangalia."