Kosa la Kilo Tisa na Nusu

"Hapo," alisema Mizani, akigonga kioo cha kompyuta ya wakili kwa ukucha. "Chagua dawa ya degedege. Andika kilo tisa na nusu."

Wakili aliandika. Programu yenye nembo ya bluu ya kampuni waliyoishtaki ikajibu: mililita kumi na mbili.

"Inatakiwa sita," alisema Mizani. "Kosa hilo ni langu. Nililiandika kwa mkono wangu."

Jina la Mizani alipewa na wauguzi wenzake, kwa kuwa kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiwapima watoto uzito, wengine wakimkojolea, na kukokotoa dozi zao kwa kalamu kwenye kiganja. Mwishowe alijifundisha kuandika programu, kidogo kidogo, wakati wa mapumziko ya chakula, mpaka kompyuta ikawa inakokotoa badala yake. Akaja mgeni mpole mwenye begi la ngozi, akaomba nakala ya kutazama tu. Alipewa. Miaka miwili baadaye programu ilikuwa inauzwa na kampuni ya mgeni huyo, hospitali baada ya hospitali, na jina la Mizani halimo hata pembeni.

Kwenye nakala yake mwenyewe, lile kosa alilisahihisha wiki moja baada ya mgeni kuondoka, siku mtoto mmoja aliyepewa dozi hiyo alipolala tangu asubuhi hadi adhuhuri ya kesho yake. Aliamka. Mama yake alishukuru sana, na Mizani akaenda kulia msalani.

Wakili alipiga meza kwa furaha. "Dada, tumewapata! Watu wawili wanaweza kupatia jambo lilelile. Lakini kukosea mahali palepale, namna ileile? Wataeleza nini? Baada ya wiki sita mtaalamu wa mahakama ataifungua programu yao mbele ya hakimu. Mpaka siku hiyo, kimya. Wakinusa tu watairekebisha, na kesi yetu imekwenda na maji."

"Na hizo wiki sita?"

"Zina nini?"

"Zina watoto wa kilo tisa na nusu."

Wakili alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Ana watoto wake watatu.

"Tupige picha za kioo ziwe ushahidi, kisha tuwaonye," alisema Mizani.

"Watasema tumezichezea. Dada yangu, subira yavuta heri."

"Na mficha maradhi, kilio humuumbua."

Akachukua mkoba wake, akashuka ngazi hadi ghorofa ya kwanza. Akaketi pale pale, watu wakimpita.

Tusimfanye malaika. Aliitaka programu yake. Alitaka hakimu aseme jina lake kwa sauti, na mgeni mpole akose pa kuficha uso. Alikuwa na uchungu kama wa mtu aliyeibiwa mtoto na kuambiwa amsahau. Wiki sita si nyingi, alijiambia. Huenda hatokei mtoto hata mmoja wa uzito huo. Lakini yeye amepima watoto miaka kumi na mmoja, na anajua wangapi hutokea kwa siku.

Kampuni yenyewe, kwa majivuno, ilikuwa imetangaza orodha ya wateja wake: hospitali na zahanati arobaini na tatu. Mizani aliitandaza magotini, akapiga simu ya kwanza.

"Zahanati hapa, habari za mchana."

"Salama, ndugu yangu. Ile programu ya dozi, msiitumie kwa mtoto wa kilo tisa na nusu. Dawa ya degedege inaizidisha mara mbili."

Kiti kikaburuzwa. "Wewe unapiga kutoka kampuni?"

"Hapana."

"Sasa umejuaje?"

Jibu hilo alikuwa ameliweka kwa ajili ya mahakama.

"Mimi ndiye niliyeiandika," alisema. "Mimi ndiye niliyekosea."

Upande wa pili, kalamu ilianza kukwaruza karatasi. "Ngoja, dada, ngoja. Rudia taratibu. Kilo ngapi?"

"Tisa na nusu," alisema, na kidole chake kikashuka kwenye jina la pili.